Kibenteni wa Mama Yangu

Jumatatu, 2 Juni

Kuosha magari tu. Baridi, vidole vimekufa ganzi. Mlima Meru umejifunika tangu asubuhi kama mgonjwa. Kijiweni hapa Daraja Mbili mtoa majina ni mimi, hakuna wa kunikaribia. Shule niliiachia fomu tuu, lakini kwa majina mimi ni profesa. Mzee mwenye kabinti: sponsa. Jimama lenye kijana: shangazi. Kijana mwenyewe: marioo, au kibenteni. Leo kapita mama mmoja wa Njiro na kijana wake, ndevu bado zinajitafuta. Nikaita, "Shangazi, na huyo kibenteni tumwoshe?" Kijiwe kizima chini. Hata yeye kacheka.

Jumatano, 4 Juni

Mama ana mchumba.

Mama yangu mimi! Mjane, muuza mtori wa ndizi pale Sokon One, miaka arobaini na sita. Na mchumba ni Eli, fundi rangi, huyu huyu ninayebishana naye mpira kijiweni. Ana thelathini. Mimi ishirini na mbili. Salamu yetu ni "Oya", basi. Kumbe zile bakuli za mtori kila siku! Nilidhani ana njaa.

Nimemwambia Mama, "Kwa hiyo umepata kibenteni." Kafunika sufuria, kaenda kulala jua halijazama.

Nina hasira. Na najisikia vibaya.

Ijumaa, 6 Juni

Mama haimbi. Huwa anamenya ndizi huku anaimba pambio mpaka majirani wanalalamika. Sasa anamenya tu. Kijiweni habari imefika. "Profesa, baba yako kibenteni umeshampa shikamoo?" Wananichoma kwa majina yangu mwenyewe. Sikucheka. Mara ya kwanza hiyo.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada Mama kaongea. Posa inakuja Jumamosi kwa mjomba, kaka yake, kule Meru. "Wazee watakuuliza wewe, mwanangu wa pekee. Ukisema hapana, narudisha posa. Wala sitakununia." Kasema hivyo huku anatazama ndizi.

Kusema hapana ni rahisi sana. Ndiyo maana naogopa.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya siku!

Kwa mjomba, katikati ya migomba na kahawa. Wazee wamejaa. Kibuyu cha pombe ya ndizi kimekaa katikati, hakiguswi mpaka mimi niseme. Mjomba kamkazia Eli macho. "Kijana, umemfuata dada yangu au umefuata mtori?"

Eli jasho linamtoka, na baridi yote ile. "Vyote, mzee. Ila mtori ningeendelea kununua tu."

Mama kacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu tumzike baba. Hapo nikaishiwa hasira.

"Na wewe?" kauliza mjomba.

Nikasimama. Hakuna jina hata moja la kijiweni lililokuja. Nikamwendea Eli, nikainamisha kichwa anishike utosini, kama tunavyofanya kwa wakubwa huku. "Shikamoo, baba."

Eli kababaika. Badala ya kiganja, kanigonga ngumi utosini kama tuko kijiweni. "Poa, oya!"

Poa! Kwa shikamoo! Mbele ya wazee! Mjomba kapaliwa na mate yake. Bibi mzaa mama kalia machozi kwa kucheka. Mama kaficha uso kwa kanga, mabega yanaruka. Kibuyu kikazunguka. Nimecheza mpaka soli ya kiatu imeachia, na hakuna aliyecheza kunishinda, waulizwe.

Jumatatu, 28 Julai

Ndoa imepita. Eli kahamia kwetu. Baridi bado ipo, lakini mlima uko wazi wote.

Mama anamenya ndizi, anaimba. Jirani kagonga ukuta.

Bafuni Eli anafanya mazoezi, kwa sauti nzito ya kuazima: "Marahaba." Anakohoa. "Marahaba, mwanangu." Anarudia.

Sikumchokoza. Nimekaa na chai yangu mlangoni, namsubiri atoke.