Sauti ya Sudi

Mpendae, Unguja

Dada yangu mpenzi Mwanahamisi,

Shikamoo. Magoti yako vipi? Yamepoa, au baridi ya asubuhi hapo Tanga bado inakutesa? Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo iliyochafuka, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Uliuliza kama bado napiga gitaa. Napiga, na bora ningekuwa nauza vitumbua. Hoteli moja ya Mji Mkongwe imetukusanya wazee wanne tuliopiga roki ujanani. Wageni wanatoka Ulaya na sahani zetu za santuri kwapani, eti wamefuata kitu halisi. Basi kwa ajili ya huo uhalisi tunavishwa suruali za bugaluu, viatu vya raizoni na nywele za bandia. Mtu na wajukuu wake tisa, anayumba juu ya viatu virefu kama kuku aliyefungwa miguu!

Hayo ningemeza. Lakini mwimbaji wetu Sudi, yule aliyekula pilau la harusi yako mpaka akalala jikoni, sauti imemzeeka. Meneja akaamua itolewe ile ya ujanani kwenye kompyuta, Sudi achezeshe midomo tu. Kitufe nabonyeza mimi. Wageni wanalia machozi: "Sauti haijabadilika!" Kinyaa, Dada. Kinyaa kitupu.

Alhamisi alasiri Sudi akaninong'oneza, "Leo usibonyeze. Nnaimba mwenyewe."

Akaimba. Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikarudi, na mwili ukanisisimka. Mama mmoja wa Kizungu akasimama, santuri mkononi: "Huyu siye! Tunamtaka yule wa kweli!" Wenzake wakazomea. Meneja akanitolea macho. "Mzee, bonyeza bwana!"

Nikabonyeza. Usinitetee, hakuna aliyenishika mkono. Sudi alikuwa katikati ya neno. Akanitazama, kisha akachezesha midomo, na watu wakapiga makofi.

Nisalimie shemeji, shangazi Bi Zuhura, na mwanao fundi cherehani. Waambie waniombee dua, ila sababu usiwaambie.

Jana nilikwenda Bububu kwa Sudi kumtaka radhi. Alinimiminia kahawa. Nikamwambia, "Nnamwandikia Dada. Nimpe salamu gani kutoka kwako?"

Akanikazia macho, akachezesha midomo tu.

Mdogo wako,
Hamadi