Namba Niliyoweka Ukiwa Kwenye Kahawa

Papa Byamungu,

Usicheke. Ulizoea kusema mimi nikishika kalamu, karatasi inaomba msamaha. Leo naomba mimi.

Kwanza habari za maabara. Sumaku yetu kubwa bado inanguruma, na sasa naiendesha peke yangu, jinsi ulivyonifundisha. Mimi, niliyeacha shule katikati! Madaktari wa fizikia wanasimama nyuma yangu wakingoja niitikie kwa kichwa. Mtaa wetu wote wa Rinkeby unajua, maana nimewaambia mwenyewe.

Ila kuna moja sikuwaambia.

Unakumbuka ile siku ya rediamu, ile metali yenye mnururisho. Ilikuja kidogo sana, nayo inajifia yenyewe kila siku hata usipoigusa. Tukaipasha kwenye kitanuri pamoja na gesi yenye florini, zikashikana zikawa molekuli, kisha tukazivua elektroni moja moja ili umeme uzivute. Kazi ya sumaku ni kuchambua: nyepesi zinakata kona, nzito zinapitiliza, "kama mama wa kanisani na mifuko yake," ulivyokuwa ukisema. Rediamu ina uzito wa 225, florini 19: jumla 244, ndiyo namba yetu ya kuweka kwenye sumaku. Na sheria yako: mmoja anaitaja, mwenzake anairudia, ndipo mkono uguse kitufe.

Ukaenda fika, yale mapumziko ya kahawa ya Waswidi. Nani angemngoja mzee amalize kahawa na mkate wake wa mdalasini? Nikaweka 225.

Kihesabio kikalia kwa kasi, nami nikacheza, nikajiita profesa. Kumbe napitisha rediamu tupu, na molekuli zote zinaishia ukutani. Tulipogundua, sampuli ilikuwa imekwisha. Watafiti wageni walikuwa wamesafiri na leza zao kwa ajili ya molekuli zile, na hawakupata hata moja.

Bosi akauliza nani aliweka namba. Ukasema, "Mimi. Macho ya uzee haya."

Nami nikatazama viatu vyangu. Viatu vipya, Papa. Hata hilo nalikumbuka.

Wakakutoa kwenye mashine, wakakupeleka stoo kupanga skrubu. Hukuninunia hata siku moja. Afadhali ungenipiga kofi. Kisha moyo wako ukagoma.

Msibani nilisimama nikahutubia, unanijua. Nikachekesha watu mpaka wakalia. Halafu mkeo, Mama Byamungu, akanishika mkono: "Mwanangu, baba yako alikufa na aibu ya ile namba." Nikamjibu, pole Mama. Pole! Mdomo wote huu, nikatoa pole.

Jana nimemwambia bosi, mbele ya wote. Alivua miwani, kisha akasema ataandika kwamba kosa halikuwa lako. Bosi alikuwa rahisi. Bosi haniiti mwanangu.

Naandika haya kwenye treni ya kwenda Fittja, nyumbani kwa Mama. Tumeshapita kituo cha Masmo, kinachofuata ni changu. Nakuahidi nitamwambia mlangoni, kabla hajanikaribisha ndani, nisije nikala ugali wake kwanza nikapoteza ujasiri. Akinifukuza, ni haki yake. Akinyamaza, nitasimama hapo hapo mpaka aseme.

Lala salama, Papa. Milango inafunguka. Nashuka.