Tuliyaita Maji Unene

Shoga yangu Daforoza,

Hujambo siwezi kukuuliza, maana jibu lake nalijua. Basi nianze na la kwetu. Mimi mzima. Mama yangu mzima, ila magoti yanamsumbua na mdomo haujapungua hata kidogo. Mwalo wa Kibirizi upo palepale: dagaa wakiwa wengi tunalia bei, wakiwa wachache tunagombana. Sehemu yako ya kuanikia niliilinda muda mrefu. Halafu akaja mwanamke mmoja wa Gungu, akatandaza dagaa wake bila kuuliza. Nikamtukana mbele ya watu, nikarudi nyumbani nikalia, kesho yake nikamwachia.

Nakuandikia kwa sababu ya mdogo wako, Sesiliya. Nitakueleza yaliyompata, lakini niache niseme kwa mpango wangu. Bado nina hasira na wewe, na isiponitoka kwanza sitaweza kuendelea.

Hasira yangu ni hii: uliumwa ukanyamaza.

Unakumbuka ulivyofika kwetu Rusimbi? Ulikuwa umetoroka kambi ya wakimbizi na mimba changa, mume amepotea ng'ambo huko Burundi, mifupa ya mabega imechongoka hadi kanga haikai. Mama alikutazama mlangoni akasema, "Huyu mtoto upepo wa ziwa utamchukua." Tukakupa ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka kwa mawese, na majirani tukawaambia wewe ni binamu yetu wa Kalinzi. Kiha na Kirundi ni ndugu. Asiyesikiliza sana aliamini, na aliyesikiliza sana alikuwa na adabu ya kukaa kimya.

Halafu ukajaa. Mwalo mzima ulifurahi, Daforoza. Wachukuzi wakakutania, "Bibi wa Kalinzi, Kigoma imekukubali!" Mama akawa anakusifia kwa kila mtu aliyepita uani, kama vile yeye ndiye aliyekufinyanga. Miguu ilipovimba ndala zikakataa kuingia, tukasema umenawiri. Ulipoamka uso umejaa na macho yamebaki membamba, mama akasema huyo ni mtoto wa kiume, ndiye anayejaza uso wa mama yake. Kichwa kilipouma tukasema ni jua la kuanika. Uliposhika chini ya mbavu, upande wa kulia, ukauma meno, tukasema huyo anapiga teke, atakuwa mcheza mpira. Na siku ile uliyosema unaona nyota mchana kweupe, tuliangua kicheko, na wewe mwenyewe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Kila dalili tuliipa jina zuri. Waliokaa na njaa ndivyo tulivyo: aliyekonda ndiye mgonjwa, aliyejaa amepona. Kati yako na mimi na mama, hakuna aliyewahi kusikia kwamba mtu anaweza kujaa huku anakufa.

Lakini kichwa kilikuwa chako. Sisi tuliona mashavu tu, maumivu uliyajua wewe. Nilikwambia twende kliniki kama wajawazito wenzako, ukakataa kwa Kirundi chenu, "Oya, Mwavita, wataniuliza kadi, wataniuliza kijiji, nitajibu nini?" Ulikuwa unafunga kitambaa kichwani, unakikaza kwa nguvu hadi kinaacha alama, kisha unatabasamu. Uliogopa lori la kambini kuliko kitu chochote duniani. Nilikuelewa wakati ule. Sasa nakuelewa zaidi, na bado nimekasirika.

Siku uliyoanguka mimi nilikuwa sokoni Ujiji. Walinisimulia wanawake. Ulikuwa umeinama kugeuza dagaa, ukanyooka, ukasema giza limeingia, na jua lilikuwa la saa saba. Ukaanguka, mwili ukakakamaa, ukatetemeka, damu ikatoka mdomoni kwa kuwa ulikuwa umejiuma ulimi. Mmoja akasema ni pepo wa ziwani. Wakakufunika kaniki, wakafukiza ubani, wakangoja atoke. Akatoka, akarudi. Akatoka tena, akarudi tena. Mama alikuwepo, naye aliamini hivyo hivyo, alishika mkono wako akimbembeleza pepo kwa jina la Mwenyezi Mungu. Gari lilipopatikana ulikuwa hukoromi tena. Mlifika hospitali wewe na mtoto wako tumboni, mmeshakwenda wote wawili.

Niliwakuta huko. Kulikuwa na muuguzi wa makamo, mwanamke mwenye sauti ya chini. Alikufunua miguu, akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, akakiondoa. Shimo likabaki. Akaniambia, "Dada, hii si nyama. Haya ni maji."

Nilitazama lile shimo likikataa kujaa, nikasikia sauti zetu zote za mwaloni zikikusifia.

Baadaye nilirudi kwake, si mara moja. Mwanzo nilikwenda kugombana, kisha nikaenda kuuliza. Alinieleza taratibu, na mimi nakueleza wewe, maana ni haki yako kujua kilichokuua. Si pepo. Si jua, si chakula chetu, wala si laana ya mtu uliyemwacha kwenu. Ni presha ya mimba. Kondo la nyuma, ambalo ndilo linalomlisha mtoto, wakati mwingine halijishiki vizuri tangu mwanzo, na mishipa ya damu ya mama inabana mwili mzima. Presha inapanda kimyakimya. Figo zinaanza kuvujisha kwenye mkojo vitu vizuri ambavyo mwili ulitakiwa kubaki navyo, na maji yanatoka kwenye damu yanaingia kwenye nyama. Ndio ule unene wetu. Kikiuma kichwa bila kusikia dawa, macho yakiona nyota au ukungu, pakiuma chini ya mbavu, basi ugonjwa umeshafika kwenye ubongo na ini. Ukiachwa hapo ndipo unakuja ule mtetemeko. Wanauita kifafa cha mimba.

Nilimuuliza kwa nini wewe, kwa nini si mimi niliyezaa watatu. Akasema mimba ya kwanza huwa na hatari zaidi, lakini kwa nini huyu na si yule, hata madaktari hawajui yote. Akasema miguu kuvimba jioni peke yake ni jambo la kawaida kwa mjamzito, ila uso na mikono ikivimba asubuhi, usingoje. Na wengine hawavimbi kabisa, presha inawaua wakiwa wembamba, ndiyo maana lazima kupimwa kwa mashine. Nikamuuliza la mwisho: tungekuleta mapema, ungepona? Akasema, "Wengi wanaoletwa mapema wanapona." Hilo jibu nimelala nalo kitanda kimoja tangu siku hiyo.

Basi nikawa kero ya mwalo. Mjamzito akipita na ndoo nauliza kichwa kinaumaje, macho yanaonaje, amepimwa lini. Wananiita Daktari Dagaa. Wachukuzi nao wananiletea vitambi vyao wanasema, "Daktari, na mimi nimevimba, niandikie dawa." Nawaambia dawa yao ni kuacha pombe. Tunacheka, na wanawake wawili watatu wamekwenda kupimwa ili tu niwaache. Sikutaka heshima zaidi ya hiyo.

Ndipo akaja Sesiliya.

Alifika bila taarifa, na mfuko mmoja wa nguo, tumbo mbele. Mume wake amebaki kambini kulinda kibanda chao na mgawo wa chakula. Alikuja kukufuata wewe ili ajifungulie mikononi mwako. Alisimama mlangoni palepale uliposimama wewe, akauliza, "Dada yangu yuko mwaloni?" Hakuna aliyekuwa amempa habari. Nilimkalisha, nikampa maji, nikamwambia. Alilia kwa Kirundi, mama akamjibu kwa Kiha, na mimi nikatoka nje kwa sababu nilikuwa naisikia sauti yako ndani ya yake.

Akakaa kwetu. Naye alikuja mifupa mitupu. Naye tukamlisha. Na kila asubuhi kabla hajasimama nilikuwa namshika muundi nabonyeza, yeye anacheka anasema namtekenya. Kliniki alikataa, kwa maneno yako yaleyale. Nilimbembeleza, nikamtishia, nikanuna. Ni mkaidi kama wewe.

Asubuhi moja aliamka kope zimejaa. Bangili yake ya plastiki ilikuwa imezama kwenye mkono. Nikabonyeza muundi, shimo likabaki. Nikamuuliza kichwa, akasema tangu juzi. Juzi, Daforoza! Na mama yangu, Mungu ambariki na amsamehe, akatoka jikoni na sufuria ya uji, akamtazama, akasema kwa furaha kabisa, "Sasa anapendeza. Sasa anafanana na watu."

Nilimpigia mama kelele. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilimwambia anyamaze, na sufuria nikaitupa uani. Hakuna aliyewahi kunisikia nikimjibu mama hivyo. Alibaki amesimama na mwiko mkononi. Sesiliya akaanza kulia, "Oya, dada, siendi. Wataniuliza nimetoka wapi, watanirudisha." Nikamshika mabega nikamwambia neno baya, lakini nalirudia kwako kwa sababu ndilo lililomtoa kitandani. Nilimwambia, "Kambini ulishatoroka, utatoroka tena. Kule aliko dada yako hatoroki mtu."

Akanitazama. Kisha akatafuta ndala zake, hazikuingia, akaenda peku.

Hospitali waliuliza jina. Nilikuwa nimetayarisha uongo wetu wa Kalinzi, ulikuwa tayari mdomoni. Yeye akatangulia. Akataja jina lake la kweli, na la baba yenu, na mlima mlikozaliwa, na kambi alikotoka. Alisema yote wima, kwa sauti, kama anayeapa. Sijui kwa nini alifanya hivyo. Nadhani alichoka kuumwa kwa jina la mtu mwingine.

Waliifunga ile mashine ya presha mkononi mwake, na nikaona uso wa muuguzi ukibadilika. Mambo yakaenda mbio. Sindano za kushusha presha, sindano za kuzuia kifafa, mkojo ukapimwa. Daktari akasema dawa ya kweli ni moja tu, mtoto atoke, ingawa muda wake haujafika. Mtetemeko ukamkuta mara moja, lakini juu ya kitanda, penye watu wanaojua la kufanya. Wakamlaza ubavu, wakamlinda asianguke, ukapita. Hakuna aliyetaja pepo. Nilikuwa nimesimama ukutani nimeuma kanga yangu, naona jinsi ambavyo ingekuwa kwako.

Mtoto alitoka mzima. Msichana. Mdogo, Daforoza, mdogo mno, anatosha kwenye viganja viwili vya mama. Alilia sauti nyembamba, tukaisikia wote. Walimfunika, wakampa hewa, wakajitahidi. Aliishi hadi alasiri, kisha akachoka.

Sesiliya alizinduka baadaye. Hakuuliza mtoto kwanza, aliogopa. Aliinua mkono akautazama, akaniuliza, "Dada, bado nimevimba?" Maji yalikuwa yameanza kumtoka, mashavu yanashuka, mifupa ya uso inarudi. Nikamwambia, "Umekonda, mdogo wangu. Umekonda vibaya." Akafumba macho, akatabasamu, na kisha nikamwambia la mtoto.

Mama anashinda pale kitandani. Magoti yale yale anayolalamikia, anapanda nayo kilima asubuhi na jioni na chupa ya uji. Jana nilimkuta amefunua shuka, anabonyeza muundi wa Sesiliya kwa kidole chake cha kizee, anangoja, anatazama. Hatujaombana radhi. Nilikaa upande wa pili na mimi nikabonyeza mguu wa pili.

Gari la kambini litakuja kumchukua akipata nguvu. Wamesema hivyo kwa upole na sina ubishi nao. Kambini kuna kliniki, na muuguzi amemwandikia aendelee kupimwa, maana presha hii inaweza kubaki hata baada ya kuzaa, na mimba nyingine ikija asiende kimya. Nimemwambia nitamfuata huko na mgebuka mkavu na mawese, wakinizuia getini nitakaa getini. Unajua ninavyoweza kukaa getini. Na kila mimba atakayobeba itapita chini ya macho yangu, apende asipende, hadi mmoja wetu aishiwe pumzi.

Mtoto tumemzika leo asubuhi, ubavuni kwako. Katekista wenu alisali, mimi na mama tukaomba kwa namna yetu. Wewe ulikwenda na wako, sasa una wawili. Huyu hakupata jina, mpe wewe. Mfundishe na kucheka kama ulivyocheka.

Lala, shoga yangu. Hasira imeniisha njiani wakati naandika. Mtoto ndiye huyo, mpokee. Mama yake niachie mimi.

Mwavita