Kopo la Makumbi na Kanuni Mpya

Jumamosi, 2 Agosti

Nimebadilisha oili ya kopo la kuchujia hewa. Makumbi ya nazi mapya pia, nimeyachambua mwenyewe kibarazani. Kazi yake ni rahisi. Hewa inapita kwanza juu ya oili, vumbi zito linabaki humo. Jepesi linanaswa na nyuzi za makumbi. Injini inavuta hewa safi. Matrekta ya zamani niliyofundishia ufundi yalikuwa na kitu kama hicho. Nimekipunguza tu, kikaingia kwenye gari la Aikande.

Binti yangu anashindana kwenye mbio za magari ya kawaida, yale yasiyoruhusiwa kuchezewa injini. Gari hilohilo linampeleka kazini Mlandizi. Mbio zijazo ni Maneromango, mwisho wa mwezi. Vumbi tupu.

Jumatano, 6 Agosti

Kanuni mpya zimetoka. Kopo limekatazwa. Hewa ipite kwenye chujio la kiwandani peke yake.

Sababu ni mimi. Msimu uliopita madereva waliniuliza, nikawaeleza. Nilichora kwa kidole kwenye boneti lenye vumbi. Hamisi wa Pangani akatengeneza lake, akajaza oili mpaka juu. Injini ikainyonya. Moshi, kisha moto. Alitoka mzima, namshukuru Mungu.

Aikande amecheka mpaka akakaa chini.

“Baba, ungewaambia ni siri ya familia, ukaishia hapo.”

“Tangu lini baba yako akaishia hapo?” mama yake akamjibu kutoka jikoni.

Nimekasirika. Kanuni yenyewe ni nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Aikande aliosha vyombo, nami nikavikausha. Akasema bila kunitazama: injini ikifa tena kwa vumbi, anauza gari na mbio anaacha. Hana nguvu ya kuifungua yote upya kama mwaka juzi. Namjua. Hasemi jambo mara mbili.

Ninaogopa. Siogopi kushindwa. Jumamosi tunazoinama pamoja chini ya boneti ndizo anazonisimulia mambo yake. Mezani haongei. Bila kopo lile, sijui ataniitia nini.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimesoma kanuni zote tena. Hakuna mwanya. Aliyeziandika ni mtu makini. Ningempa alama nzuri.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumekwenda Maneromango kutazama uwanja. Barabara mbaya kupita maelezo. Uwanja ni shamba lililosawazishwa, mikorosho pembeni, udongo mwekundu laini kama unga wa muhogo. Sisi tuliotoka milimani hatujalizoea vumbi hili, miaka yote hii.

Nilichota udongo kiganjani, nikauachia kidogo kidogo. Ukaenda upande mmoja tu. Upepo wa kusi, ule utokao kusini, haukubadilika asubuhi nzima. Nikamweleza Aikande: vumbi ni mzigo wa upepo, haliendi linakotaka. Anayepita upande unakotoka upepo anamwachia mwenzake lote. Kona itakuwa ndefu, nafasi mbili tatu zitapotea. Injini itapumua.

Akautazama uwanja. Kisha akasema, “Rudia, baba. Polepole, na kona ya pili.”

Nikarudia. Nikachora chini kwa kijiti. Nilijitahidi nisionyeshe furaha.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimechoka. Naandika kwa kifupi.

Hamisi alinipokea kwa shikamoo ya heshima, kisha, “Mwalimu, mwaka huu usinifundishe kitu, nina mke sasa.” Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Mzunguko wa kwanza Aikande alisahau yote. Akawafuata wa mbele, katikati ya wingu. Aliporudi injini ilikuwa inakohoa. Mapumziko ni mafupi, na kanuni zinaruhusu kuweka chujio jipya la aina ileile. Nikashika klipu za kufungia chujio. Mikono ikatetemeka, ikakataa. Mke wangu, ambaye tangu mwanzo hazipendi mbio hizi, akanisogeza kwa kiwiko. Ana vidole vya mshonaji. Akafungua, akafuta, akaweka jipya, akafunga. “Haya, nenda,” akamwambia binti yake. “Na umsikilize baba yako.”

Mzunguko wa pili Aikande akashika upande unakotoka kusi. Wakampita wawili kwenye kona ndefu. Nilitamani kupiga kelele, sikupiga. Yeye hakuwafuata. Mbele, magari yakaanza kupungua mwendo, moja baada ya jingine, yamekabwa. Lake likaendelea na mlio uleule.

Amemaliza wa tano. Hamisi wa tatu, sijui kwa miujiza gani. Alikuja kuniuliza Aikande alipita wapi. Aikande akanitazama, akaguna. “Mweleze tu, baba, utaumwa usipomweleza.”

Nimemweleza.

Jumapili, 31 Agosti

Ibada nimeikosa. Mgongo.

Jumatatu, 1 Septemba

Aikande ameamka mapema kuwahi kazi. Nilifungua chujio kabla hajatoka. Nje jekundu, ndani jeupe. Nikalikung'uta, nikalirudisha. Mikono leo ilikuwa mitulivu.

Akawasha. Alikaa kidogo kwenye usukani akisikiliza, nami nikasikiliza nikiwa nimesimama dirishani kwake. Kisha akaniambia Jumamosi nisipange jambo lingine, breki za nyuma zinamsumbua.

Nilifungua geti. Nikabaki hapo mpaka mlio wa gari lake ukachanganyika na mingine ya barabara kuu.