Fimbo kwenye koo la mzee

Idd uko wapi? Wacha kazi kwanza usome hii.

Nimeingia duka la vifaa vya uvuvi kununua fimbo nyepesi, ya hawa ngege wanaogusa chambo kidogo tu wanatoroka. Muuzaji akaniambia fimbo nzuri inajaribiwa kwa koo la mtu. Anaweka ncha kooni, anaongea, wewe umeshika mpini. Ukisikia sauti yake mkononi, hata samaki utamsikia.

KOO, Idd!!

Kulikuwa na mzee wa kofia pale anaangalia nyavu. Nikamwomba. Na akakubali, bwana! Nikamwekea ncha kooni.

"Mzee, sema tu jina lako na kwenu."

"Absalom Okinyi. Wa Katito."

BABA YAKE MARYANNE. Huyo huyo naenda kwake Jumamosi na wazee wangu kuposa!!!

Nikashindwa hata kusonga. Ncha bado iko kooni.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Ooko... wa Awasi."

Akainua kofia aniangalie vizuri. Halafu pole pole, "Ooko wa Jumamosi?"

Fimbo nimenunua. Hiyo "Jumamosi" niliisikia mpaka kwa kiwiko.