Jalada la Yadi ya Greda

Masjala, Chumba Na. 4,
Ofisi ya Wilaya.
Jumamosi, 9 Machi

Mpendwa kaka,

Kwanza afya, mengine yatafuata. Hujambo huko uliko? Lile jino ulilokuwa ukilibembeleza kwa maji ya chumvi umeling'oa, au bado unamwogopa daktari? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua akikaa sana, lakini kila asubuhi yuko shambani, na jembe lake bado hataki mtu mwingine alishike. Mimi ni mzima wa mwili. Ila kichwa changu hakijatulia wiki ya tatu sasa, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Kazini vituko haviishi. Wilaya nzima ina greda moja, na madiwani kumi na wanane, kila mmoja anaamini ilinunuliwa kwa ajili ya barabara ya kwake. Juzi diwani wetu, yule tunayemwita Nasisitiza kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kusisitiza, alifika saa mbili asubuhi akakaa juu ya tairi la mbele la greda ili isiende kata ya jirani. Dereva hakubishana naye. Alizima mashine akaenda kunywa chai. Ilipofika saa tano jua limekolea, mheshimiwa akashuka mwenyewe, anajipangusa suruali, anasisitiza kwamba hajashindwa.

Mimi nipo na makaratasi yangu. Nafungua barua, napiga muhuri wa kupokea, naziweka kwenye majalada yake: mbuzi waliokamatwa ndani ya bustani ya zahanati, shule inayoomba paa, ndugu wawili wanaoshtakiana kwa kisima kimoja. Jalada likitoka masjala, anayelichukua sharti atie saini kwenye daftari langu, awe tarishi, awe katibu wa wilaya mwenyewe. Wananiita Polisi wa Makaratasi. Waniite watakavyo, kwa sababu karatasi ikipotea anayeulizwa ni mimi.

Sasa nisikilize vizuri. Hiyo greda haina pa kulala. Miaka yote imelala uwanjani mbele ya ofisi, inavuja mafuta mpaka majani yamekufa. Kamati ya ujenzi ikaamua itafutwe ardhi ya yadi. Katikati ya mwezi uliopita nilikuwa napanga mihtasari ya kamati, macho yakaangukia mstari huu: "Eneo lililopendekezwa ni shamba la njia panda, ekari mbili na nusu. Mwenye shamba ameridhia kwa maandishi na atapewa kiwanja mbadala karibu na soko jipya."

Shamba la njia panda ni letu, kaka. Ni hilo hilo analolima mama. Niliusoma ule mstari mara tatu. Baraza la madiwani linakaa Alhamisi tarehe 21 kulipitisha. Likishapita, kazi ya kwanza ya greda ni kung'oa mahindi ya mama.

Jioni nilimuuliza mama kwa kuzungukazunguka, kama kuna mtu amemletea karatasi yoyote atie saini. Akanicheka. "Saini? Miwani yangu umeikalia wewe mwenyewe tangu mwaka jana, pa kutia saini ningepaonea wapi?"

Basi ameridhia nani? Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako, nikaanza kuwatazama wenzangu wa ofisini mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza alikuwa mpima ardhi, ambaye sisi tunamwita Vigingi. Tangu mwaka uanze alikuwa akinisalimia mara mbili kwa siku, na zamani hata mara moja ilikuwa bahati. Mtu hazidishi salamu bure. Halafu nikaona viatu vyake vina udongo mwekundu, na udongo mwekundu hapa kwetu uko wapi kama si njia panda? Nikamuuliza, "Bwana, hivyo viatu vimetoka wapi?" Akanijibu, "Dukani, dada." Nikaliandika jibu hilo kwenye kijidaftari changu, maana aliniangalia vibaya alipolitoa.

Wa pili ni Nasisitiza. Yadi ikijengwa njia panda, greda itakuwa inalala kwenye kata yake, na asubuhi itaanzia kwake. Nilipompelekea mwaliko wa kikao aliniuliza mama hajambo. Miaka minne yuko kwenye udiwani, hajawahi kumuulizia mama. Nikamwambia hajambo, ila sikumwambia yuko wapi, kana kwamba kuna mtu kijijini asiyepajua kwetu.

Wa tatu, Mungu anisamehe, nilimshuku tarishi, mzee wa watu, kwa kosa la kufunga mlango polepole. Chai nikawa nakunywa peke yangu. Droo nikawa nafunga hata nikienda msalani. Walipokuwa wakicheka koridoni nilijua wananicheka mimi, na walipokuwa kimya nilijua wameniona nakuja.

Na jalada lenyewe halikuwa masjala. Daftari linaonyesha lilichukuliwa na afisa ardhi tangu Januari. Nikawa naingia ofisini kwake kila siku, leo natafuta stepla, kesho naazima rula. Nikaliona juu ya kabati, limelaliwa na feni mbovu. Nikaliulizia. Akasema, "Bado nalifanyia kazi." Jalada linalofanyiwa kazi lina vumbi la kidole kizima? Nilitoka pale nimeshamhukumu.

Jumanne afisa ardhi alikwenda kuamua mgogoro wa mpaka. Saa nne mlango wangu ukafunguliwa polepole, tarishi akaingia na jalada kwapani. "Nimekuona unalizunguka kama paka na mchuzi," akasema. "Lilitakiwa kurudi masjala zamani. Haya, pokea, na utie saini kama unavyotusainisha sisi." Nilitia saini huku nimeinamisha uso. Mzee niliyekuwa nikimfungia droo ndiye pekee aliyefuata utaratibu.

Alipotoka nikafunga mlango, nikafungua jalada. Fomu ya ridhaa iko ukurasa wa saba. Jina la mwenye shamba ni la baba. Saini ni ya baba. Tarehe ni 14 Januari ya mwaka huu.

Baba ana miaka sita kaburini. Nilikaa chini, kaka. Kwa kitambo kidogo, nakwambia ukweli, nilifurahi kuiona saini yake kabla sijaogopa.

Afisa ardhi aliporudi nilimvamia hata mkoba hajautua. Nikamwambia amepokea fomu ya maiti. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Dada, mimi nimelinganisha na kadi ya shamba. Saini ni moja. Kadi haisemi kama mzee amefariki. Wanaoandika waliofariki ni masjala."

Masjala ni mimi. Kila taarifa ya kifo inayoletwa wilayani napokea mimi, natoa kadi ya marehemu, naandika neno hilo kwa wino mwekundu na tarehe pembeni. Nimewaandikia watu wa wilaya nzima. Ya baba sikuiandika. Kila mwaka naitoa, naiangalia, nairudisha mahali pake, najiambia wiki ijayo. Nilijua sheria na nilijua kazi yangu, lakini mkono ulikataa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu niliuacha wazi mimi, silaumu mtu.

Lakini aliyepita kwenye ufa huo alijuaje kwamba upo? Vigingi hafungui kadi. Diwani hajui hata zinakaa kabati gani. Nilimwambia mtu mmoja tu, kwa simu, mwezi wa Desemba, nikiwa nacheka ili nisilie. Nilimwambia baba bado yu hai kwenye kabati langu.

Na ile saini, kaka. Unaujua ule mkia wa herufi ya mwisho, unavyorudi nyuma ukalikata jina katikati. Yuko mtu mmoja aliyekaa mezani kwetu akajifunza kuuchora, karatasi kwa karatasi, ili ripoti zetu za shule zirudi kwa mwalimu bila baba kuona tumeshika nafasi ya ngapi. Alitia ya kwake, akatia na yangu. Nilimsifu sana siku hizo.

Nilimfuata tarishi nikamuuliza ile fomu aliileta nani. Akanishangaa. "Si kaka yako? Alikuulizia, tukamwambia umepeleka mihtasari makao makuu. Akasema nyumbani mmeshakubaliana." Mimi sikujua kama ulikuja Januari. Mama naye hakujua. Basi la kuja hapa linasimama njia panda, kaka. Ulishuka pale, shamba liko mkono wako wa kulia na nyumba ya mama inaonekana, ukapita bila kubisha hodi. Katika yote haya hilo ndilo linaloniuma zaidi, wala sitalificha.

Niliendelea kukutetea, usidhani sikukutetea. Nilisema labda kuna anayefanana naye. Nilisema labda alilaghaiwa. Kisha nikafika chini ya fomu, penye kuandikwa jina la atakayekabidhiwa kiwanja kipya cha karibu na soko. Hapo hukujisumbua kuiga mwandiko wa mtu, umeandika jina lako kwa mwandiko wako wa siku zote.

Sijui una shida gani. Kama unayo ungeniambia, au ungemwambia mama, ambaye tangu utoto hajawahi kukunyima kitu. Kama ni kweli ulitaka kiwanja, hata hicho ungekiomba, tukakaa, tukazungumza. Lakini mama anakula kwenye lile shamba, na ukimwondoa pale hana pengine pa kwenda kila asubuhi.

Jumanne ile ile nilitoa kadi ya baba nikaandika neno lile kwa wino mwekundu. Likatoka limepinda, lakini limeandikwa. Kwa hiyo fomu yako haina nguvu tena, na atakayeisoma sasa atauliza maiti ametiaje saini. Afisa ardhi amekubali kunyamaza mpaka Jumatatu tarehe 18, si kwa kukupenda wewe, bali kwa kuwa naye amepiga muhuri. Siku hiyo jalada linakwenda mezani kwa katibu, na kadi nimeibana juu yake. Ukifika kabla ya hapo ukaiondoa fomu kwa mkono wako na kuandika kwamba umeiondoa, yataishia ofisini. Usipofika, nitaulizwa saini hii ni ya nani. Kwenye kazi hii sijawahi kudanganya, na sitaanzia kwenye shamba la mama. Heri nusu shari kuliko shari kamili, kaka, fikiria hilo.

Barua hii naituma kwa basi la kesho ili isikae posta. Nisalimie wifi, na sitaki umwonyeshe mistari hii kama hajui. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu, na mjomba fundi saa anasema saa yako iko tayari tangu mwaka juzi. Mungu akulinde njiani, akupe moyo mwepesi na ulimi mkweli.

Mama naye anakusalimu sana. Yeye nimemwambia nusu tu, kwamba kuna mtu ameiga saini ya baba ili atuchukulie shamba. Alilikanda goti lake. Kisha akasema, "Mwandikie kaka yako. Mwambie aache yote, aje atusaidie kumtafuta huyo mtu." Nikamwitikia kwamba nitaandika.

Wako nikupendaye hata leo,
Mdogo wako wa masjala.