Mikono Miwili ya Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Mkataji anaondoka mwisho wa mwezi. Bosi katangaza asubuhi, cherehani zote zikanyamaza. Anataka mtu wa kushika ile meza ya kukatia. Asipompata kati yetu mafundi, ataleta wa nje. Nikasikia sauti inasema mimi naweza. Yangu! Miaka tisa naunga vipande alivyokata mwingine, leo mdomo umeniponza. Jaribio Ijumaa: nikate shati moja la shule.

Mkataji hakuniangalia. Huyu bwana akichora huwapa watu mgongo, utadhani anaandika siri za serikali. Hajamfundisha mtu hata kushika chaki. Nilichojua chote nimekipata kwenye kundi la mafundi la simuni.

Jumatano, 5 Machi

Situlii. Nimekata magazeti sebule nzima. Binti yangu kauliza kama tumeanza kufuga panya.

Nimeliuliza kundi habari ya kola mara ya tatu, nikaomba radhi kwa usumbufu. Bibi Sindano kanijibu. Sijawahi kumwona, navijua vidole vyake tu kwenye video, na kikohozi. Kasema niulize hata mara thelathini, mwanangu. Yeye alifundishwa kwa kupigwa rula na hataki mwingine ajifunze hivyo. Nikalia. Mtu mzima mimi! Nawapenda hawa watu, basi.

Sharti lao moja: hugusi mkasi kabla hujatuma picha ya mchoro na watu wawili wakaandika “kata”.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshona mfuko kichwa chini. Mkataji kaona, kacheka puani. Eti kukata si kuchezea simu. Kumbe anajua habari ya kundi!

Ijumaa, 7 Machi, mchana

Naandikia stoo, nimekalia marobota. Kitambaa kilikuwa chembamba, hakikukunjika mara mbili, nikakitandaza wazi na kuchora kila mkono wa shati peke yake, nikizungushia chaki karatasi ya kipimo. Mkataji pembeni, anatazama. Bosi kasema saa saba akute vipande. Nikatuma picha. Mmoja kaandika: kata. Nikashika mkasi kabisa — halafu Bibi Sindano: Simama! Mikono yako yote miwili ni ya kushoto, mwanangu. Karatasi hukuigeuza.

Kweli tupu! Nikatamani ardhi inimeze. Wenzangu wa kundini wakaanza kumiminika: mmoja alishakata mikono arobaini ya kushoto, mwingine aliharibu koti la bwana harusi siku ya harusi yenyewe. Wakanicheka, wakanituliza, wakaniambia futa, geuza, chora upya.

Nikamtazama Mkataji. Alikuwa ameliona kosa tangu mwanzo. Alikuwa ananisubiri nikate! Hasira zikanipanda. Nikamsukumia simu, nikamwambia asome, bwana mkubwa, aone watu wanavyofundishana. Nikaja huku kutafuta brashi ya kufutia chaki. Uongo — nimekuja kulia.

Saa saba kasoro dakika tano. Kitambaa bado kizima. Simu inalia kule mezani, inalia tena. Nimechungulia. Mkataji kavaa miwani. Kidole kimoja, polepole. Anaandika! Kwa simu yangu, kwa jina langu, kwa watu wangu!

Viatu vya bosi ngazini. Nimemwita Mkataji. Hakugeuka. Kaninyooshea kiganja tu, nisubiri, hajamaliza kuwajibu.